Kukata chuma nyumbani kwa grinda ndogo ya mkononi: mwongozo wa anayeanza

Ukiwa na nyumba Mombasa, una kutu. Hewa ya chumvi haichagui mtaa: Nyali, Likoni, Bamburi, Mji wa Kale, kote bolti za grili hufura, bawaba hushikana, na skrubu huganda mpaka bisibisi ikateleza. Ndiyo maana watu wengi wananunua ile mashine ndogo ya kushika mkononi, ambayo wengi wanaiita Dremel hata kama ubavuni imeandikwa jina jingine kabisa. Ikishafika nyumbani, maswali ni yale yale. Diski gani? Kasi gani? Nondo inakatika? Na linaloulizwa kuliko yote: mbona diski zinavunjika kila nikigusa chuma?

Hilo la mwisho nalijibu mapema. Diski nyingi hazivunjiki kwa sababu ni za bei rahisi. Zinavunjika kwa sababu zimepindwa ubavu zikiwa ndani ya chuma. Mkono ukiyumba kidogo tu, au kipande kikicheza, diski imekwenda. Karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kuzuia jambo hilo moja.

Kazi inazoziweza na zisizo zake

Mashine hii ni ya kazi ndogo. Inakata bolti na skrubu za milimita 6 au 8, waya, bati, fimbo ya pazia, bomba jembamba la mraba la grili, na pingu ya kufuli ndogo ambayo ufunguo wake umepotea. Nondo ya milimita 8 inakatika ukiwa na subira na vidiski vya akiba. Nondo ya milimita 12 mpelekee fundi wa kuchomelea mwenye grinda kubwa; atakukatia kabla hujamaliza kuvaa miwani, na utakuwa umeokoa diski zako.

Vitu vifuatavyo usivikate kamwe, hata ukiambiwa ni vitupu: mtungi wa gesi, pipa au debe lililowahi kuwa na petroli, mafuta au thina, kompresa ya friji, kopo la dawa ya kupuliza, na betri ya aina yoyote. Mvuke uliobaki ndani ya pipa "tupu" ndio unaolipuka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine yenye swichi ya kupunguza na kuongeza kasi. Soma kibandiko chake kwanza. Stima yetu ni volti 240. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja hapa itatoa moshi siku hiyo hiyo. Kuhusu tokeni usiwe na wasiwasi, nyingi ni za wati 130 hadi 180, hata ukikata saa nzima hufiki robo ya yuniti.

- Diski za kukatia chuma. Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye maboksi ya vifaa mchanganyiko utakuta aina nne. Kuna vidiski vyembamba vya kahawia, vya milimita 24 hivi, visivyo na wavu ndani: vinakata safi lakini ni vyepesi kuvunjika kama biskuti. Kuna vyeusi vya milimita 32 au 38 vyenye wavu wa nyuzi unaouona ukivimulika: hivi ndivyo anayeanza anunue. Kuna vya rangi ya fedha vyenye chembe za almasi: ni vya kigae, kioo na mawe, usivipeleke kwenye chuma, kwa sababu joto la chuma huila almasi na kidiski kinabaki kitupu. Na kuna vyenye meno kama msumeno: hivyo ni vya mbao na plastiki, vikishika chuma vinaruka. Kwenye pakiti tafuta namba ya kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Ikiwa mashine yako inafika mizunguko 35,000 kwa dakika na diski imeandikwa 20,000, ama upunguze kasi ama uiache dukani. Isiyoandikwa chochote mimi siinunui.

- Mandreli, yaani kile kifimbo cha chuma chenye skrubu kichwani kinachobeba diski, pamoja na koleti inayolingana nacho, yaani kile kibano kidogo mdomoni mwa mashine kinachokishika kifimbo hicho. Nyingi ni za milimita 3.2, lakini vimo vya 2.4 pia. Mandreli nyembamba ndani ya koleti pana hukazika kwa uongo, halafu ikipata kasi inachomoka.

- Jiliwa, yaani kibano kikubwa cha mezani cha kukazia kitu kisicheze, au klampu mbili. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua, punguza kitu kingine chochote, si hiki. Mkono mmoja ushike chuma na mwingine mashine? Hapana.

- Miwani ya kukinga macho inayofunika mpaka pembeni. Miwani ya kusomea haihesabiki. Ukipata na kinga ya uso mzima, ivae juu ya miwani, si badala yake. Ongeza barakoa ya vumbi na vizibo vya masikio.

- Selotepu ya karatasi, kalamu ya wino mzito, tupa, ndoo ya mchanga mkavu.

Kuhusu mavazi: kikoi, leso, mtandio, kanzu ya mikono mipana, vyote ni vya heshima barazani lakini mbele ya kitu kinachozunguka ni hatari. Vaa suruali ya pamba au jinzi, shati lililobana mikono, viatu vya kufunika. Nguo za nailoni huyeyuka zikipigwa na cheche. Nywele ndefu zifungwe nyuma, na anayevaa hijabu aingize ncha zote ndani ya nguo. Glavu ziwe za ngozi na zikubane. Zile za pamba zenye nyuzi zinazoning'inia ni afadhali usivae kabisa.

Mahali pa kufanyia kazi

Uani ni bora kuliko ndani. Kabla hujawasha, tazama cheche zitakwenda wapi, na upepo unatoka upande gani, maana kusi ikivuma huzibeba mbali kuliko unavyodhani. Paa la makuti, magunia, takataka kavu na mtungi wa gesi wa jikoni viwe mbali kabisa. Watoto na paka vilevile.

Kuna jambo ambalo wengi hugundua kesho yake. Cheche ni vipande vya chuma vilivyowaka, na vikitua kwenye kigae cheupe, kioo cha dirisha au rangi ya gari hujichimbia humo. Kwa unyevu wetu, asubuhi unakuta madoa ya kahawia ambayo sabuni haiyatoi. Funika kwa kipande cha bati au turubai nzito lililoloweshwa. Usitumie gazeti.

Na kama nyumba yenu imeshikana ukuta na ya jirani, mwambie. Sauti ya mashine hii ni nyembamba na inapenya. Saa nane mchana watu wakiwa wamejinyoosha utachukiwa bure.

Hatua

1. Chomoa plagi, kisha funga diski. Si kuzima swichi tu, chomoa. Tazama diski kwenye mwanga: ikiwa na ufa, imepinda au imemeguka ukingoni, itupe. Iweke kwenye mandreli pamoja na washa zake, vile vibati vya duara vyenye tundu, kaza skrubu mpaka diski isicheze, kisha acha. Ukikaza kwa nguvu zote unaipasua katikati bila kuona. Ingiza mandreli kwenye koleti mpaka sehemu ndogo tu ibaki nje. Ikiachwa ndefu inapinda na kutikisika.

2. Weka alama. Zungushia selotepu ya karatasi mahali pa kukata, kisha chora mstari juu yake. Wino kwenye chuma chenye mng'aro hupotea mara tu vumbi linapoanza, lakini mstari ulio juu ya selotepu unaonekana mpaka mwisho.

3. Kaza kipande kwenye jiliwa. Mstari wa kukata uwe karibu na meno ya jiliwa, sentimita moja au mbili tu, na ile sehemu itakayodondoka iwe inaning'inia huru. Ukishikilia ncha zote mbili, chuma kikikaribia kukatika kinajifunga na kuibana diski, na diski iliyobanwa inapasuka. Kama ni bomba jembamba, weka vipande vya mbao kati yake na jiliwa lisije likabonyea.

4. Jaribu diski hewani. Vaa kila kitu, simama pembeni, kamwe usisimame sawa na ukingo wa diski, washa na uiache izunguke kama nusu dakika ikiwa imeelekezwa mbali na mtu. Diski mbovu mara nyingi huvunjika hapa, kabla haijagusa chochote. Na uichukulie kwa uzito: ukingo wa diski ya milimita 38 kwa mizunguko 35,000 unakwenda karibu mita 70 kwa sekunde, yaani kama kilomita 250 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa treni ya Madaraka Express. Ndiyo maana nimesisitiza miwani.

5. Chora mfereji kwanza. Shika mashine kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni au vimeegemea meza. Iache ifike kasi yake kabla ya kugusa. Kisha pitisha diski juu ya mstari kidogo kidogo, bila nia ya kukata, mpaka upate mkwaruzo unaong'aa. Mfereji huo ndio utakaoiongoza diski isiteleze.

6. Zamisha polepole, ukifuata cheche. Sogeza mashine upande ule ule cheche zinakorukia. Diski inapouma chuma, mashine husukumwa upande wa pili wa cheche. Ukienda zinakoruka, nguvu hiyo inakupinga kidogo na mkono unabaki unaitawala. Ukienda kinyume, diski inajipandisha juu ya chuma na kukimbia. Pita mara nyingi kwa wepesi, mbele na juu, mbele na juu, badala ya kukandamiza mara moja. Sikiliza: sauti ikishuka na kuwa nzito, umebonyeza kupita kiasi. Diski ibaki wima ndani ya mfereji wake. Ukiona umekwenda upogo, usijaribu kunyoosha ukiwa ndani. Itoe, anza mfereji mpya kando.

7. Kata kwa kuzunguka. Bomba na bolti nene usizitoboe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kata theluthi moja, zima, geuza kipande kwenye jiliwa, endelea. Diski ndogo haina kina cha kutosha, na kichwa cha mandreli kikianza kusugua chuma ujue umefika mwisho wake.

8. Milimita ya mwisho, legeza mkono. Hapa ndipo haraka inapoumiza. Chuma kinapokaribia kuachia, shika mashine kana kwamba unataka kuitoa. Kipande kidondoke chenyewe ndani ya ndoo ya mchanga. Usikidake; kina joto la kuchoma ngozi hata kama hakijabadilika rangi.

9. Zima, ngoja diski isimame kabisa, ndipo uweke mashine chini. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha diski, kila mara.

10. Sawazisha kwa tupa na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Si kesho. Chuma kilichokatwa Mombasa kikilala usiku mmoja bila rangi, asubuhi kimeshaanza kuwa chekundu, na rangi inayopakwa juu ya kutu hubanduka.

Mkimaliza, kaa hapo nusu saa kabla ya kuondoka. Cheche iliyoingia kwenye gunia au vumbi la mbao huweza kufuka kimya kimya muda mrefu kabla ya kuwaka.

Kazi mbili zinazoulizwa sana

*Skrubu ya bawaba iliyoliwa kichwa.* Huna haja ya kuing'oa kwa tindo na kuharibu mbao za mlango, hasa ukiwa mlango wa zamani wa kuchongwa. Chukua kidiski chembamba, kasi ya kati, uchonge mfereji mmoja ulionyooka kupita katikati ya kichwa cha skrubu, wenye kina cha milimita moja hivi. Funika mbao pembeni kwa kipande cha bati chenye tundu, cheche zisiziunguze. Tia tone la mafuta ya kulainisha baada ya kukata, si kabla, kwa sababu mafuta na cheche havikai pamoja. Yape muda yanyonye. Kisha tumia bisibisi bapa pana inayojaa mfereji wote, igonge kwa nyundo mara moja au mbili kuvunja kutu, halafu zungusha. Ile gonga ndiyo inayofanya kazi zaidi kuliko nguvu ya mkono.

*Kufupisha bolti.* Kabla ya kukata, zungusha nati mpaka ipite mahali pa kukata, ibaki upande wa kichwa. Kata, piga ncha tupa kwa mshazari, kisha toa nati kwa spana. Inapotoka inasafisha uzi ulioharibiwa na diski. Ukisahau nati, bolti yako mpya haitapokea nati yoyote, na utaapa kwamba dukani wamekuuzia saizi mbovu.

Na kwa bolti ya grili iliyoganda pamoja na nati yake, usihangaike na bolti. Kata nati upande mmoja, sambamba na bolti, mpaka ukaribie uzi, kisha ingiza bisibisi bapa ndani ya mfereji na uipindue. Nati inafunguka na bolti inasalimika.

Chuma si kimoja

Stenlesi hushika joto haraka. Ikigeuka bluu umekandamiza mno, na mahali hapo patashika kutu baadaye. Tumia diski mpya iliyoandikwa INOX. Diski iliyokwisha kukata chuma cha kawaida huacha chembe kwenye stenlesi, na kwa hewa yetu chembe hizo hutoa madoa ya kutu kwenye kitu ulichonunua kwa sababu ati hakishiki kutu.

Alumini ni laini na huziba diski. Paka nta ya mshumaa kwenye mstari wa kukata, punguza kukandamiza, na safisha vumbi lake kabla ya kurudi kwenye chuma cha kawaida.

Bati na mabomba yaliyopakwa zinki yakipata joto kali hutoa moshi unaoweza kukupa homa na kikohozi usiku. Kata nje tu, barakoa usoni, upepo mgongoni. Grili ya zamani yenye rangi juu ya rangi, ikwangue kwanza kwa mkono mahali pa kukata, maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu.

Ikikusumbua

*Diski zinavunjika hata nikiwa mwangalifu.* Angalia jiliwa lenyewe kama linacheza mezani. Kisha angalia mandreli: iviringishe juu ya kioo, ikiruka imepinda, itupe. Sababu ya tatu hapa kwetu ni unyevu. Gundi inayoshikanisha diski hunyonya maji ya hewani na kulegea, kwa hiyo usiziache kwenye kibanda cha uani. Ziweke ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

*Haikati, inasugua tu na kutoa moshi.* Ama diski imeziba, ama ni ya almasi au ya kusugulia na si ya kukatia, ama kasi iko chini. Kumbuka pia diski hupungua kadiri inavyolika, na ikishakuwa ndogo ukingo wake unakwenda polepole hata kama mashine inazunguka vile vile. Badilisha.

*Mashine inapata joto mkononi.* Tundu za hewa zimeziba vumbi, au umeifanyisha kazi mfululizo. Ipumzishe ikizunguka tupu kwa kasi ndogo dakika moja, kisha zima. Vumbi la chuma likijaa ndani hupitisha stima, basi ipulize mara kwa mara, ikiwa imechomolewa na miwani ukiwa umevaa.

*Inatetema.* Diski haikukaa katikati ya skrubu, au washa moja imepotea.

*Stima imekatika katikati ya kazi.* Zima swichi ya mashine na uchomoe, wakati huo huo, kabla hujaenda kuuliza majirani kama na kwao imekwenda. La sivyo stima itarudi na mashine itaanza kuzunguka yenyewe mezani.

*Kitu kimeingia jichoni.* Usisugue, usitumie njiti wala sumaku. Likiwa ni vumbi, suuza kwa maji safi mengi. Ukihisi kuna kipande kimechoma, usisuuze wala usibonyeze. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi bila kulikandamiza na uende hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Kipande cha chuma huanza kutoa kutu ndani ya jicho kwa muda mfupi.

*Cheche zinaonekana ndani ya mashine, nyuma karibu na mkono, na nguvu imepungua.* Kaboni zimekwisha, yaani vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka stima kwenye mota inayozunguka. Nyingi ya mashine hizi zina vifuniko viwili vya kuzungusha ubavuni. Chomoa plagi, fungua, toa vipande viwili, uende navyo dukani kama sampuli. Nunua jozi, usibadilishe kimoja. Ukizirudisha, iache mashine izunguke tupu dakika kadhaa kwa kasi ndogo zipate kukaa kabla ya kuirudisha kwenye chuma.